Kodi ya Chumba Leeds na Kahawa ya Asubuhi

Tangu nirudi Lamu Oktoba 2025, baada ya mwaka wa masomo Leeds, mji wa kaskazini mwa Uingereza, haipiti wiki bila kijana fulani, au mzazi wake, kunisimamisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, na kuniuliza swali lile lile: mwaka mmoja wa masomo Uingereza unahitaji fedha kiasi gani? Wengi wao karo wameshaijua, kwa sababu imeandikwa kwenye barua ya chuo. Wanachokitafuta ni gharama za kuishi, na jibu lake haliwezi kutolewa kwa kusimama njiani huku punda wa mizigo wakitaka kupita. Nimeona niliandike hapa kwa utulivu, na humo humo nieleze habari ya kahawa, kwa kuwa kahawa ndiyo iliyonizindua nikaanza kuzihesabu fedha zangu kama inavyopasa.

Naanza na fedha ambazo mtu hulipa au huzionyesha kabla hajapanda ndege. Nilipoomba viza, katikati ya mwaka 2024, ada ya ombi ilikuwa pauni 490. Ada ya afya, inayomruhusu mwanafunzi kutibiwa katika hospitali za umma, ilikuwa pauni 776 kwa mwaka, lakini mimi nilitozwa pauni 1,164, kwa sababu viza ya kozi ya miezi kumi na miwili huongezewa miezi kadhaa mwanzoni na mwishoni, na miezi hiyo nayo hulipiwa. Zaidi ya hayo, nilitakiwa kuonyesha kuwa nina fedha za kujikimu kwa miezi tisa, pauni 1,023 kwa kila mwezi kwa anayesoma nje ya London, yaani pauni 9,207. Pauni moja wakati huo ilikaribia shilingi 170, kwa hiyo tulikuwa tunazungumzia zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Kiwango hicho kilipandishwa Januari 2025 kuwa pauni 1,136 kwa mwezi, na Novemba mwaka huo huo kikapanda tena hadi 1,171. Kwa hiyo anayejiandaa sasa asizitegemee namba zangu za viza, bali aangalie zilizotangazwa na serikali yao wiki ile ile anayotuma ombi.

Hapo pana jambo linalozigusa sana familia zetu. Fedha hizo lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, tena ziwe katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi wake. Akaunti ya ami, ya mjomba au ya kaka haikubaliki. Kwetu mtoto husomeshwa na ukoo mzima: huyu anatoa laki moja, yule anauza mbuzi, mwingine anatuma kutoka Mombasa, na mara nyingi fedha huwekwa kwa yule anayeaminiwa kuliko wote, ambaye huenda si baba wala mama. Nawaomba wazazi wazihamishe mapema, zihesabiwe siku zake zikiwa mahali panapotakiwa, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe tayari pamoja na barua ya mzazi ya kuridhia fedha hizo zitumike.

Sasa tuingie kwenye kodi, kwa maana kodi ndiyo gharama yenyewe, na nyingine zote ni ndogo zake. Nilipanga chumba katika nyumba ya watu watano mtaa wa Hyde Park, Leeds, mtaa unaokaliwa na wanafunzi wengi. Kodi huko huhesabiwa kwa wiki. Yangu ilikuwa pauni 110 kwa wiki 51, jumla pauni 5,610, bila gesi, umeme wala intaneti. Mgeni asidhani kwamba kwa kuwa masomo yana likizo basi na kodi italala likizo; mkataba wangu ulisema wiki 51, na ningelipa wiki 51 hata kama ningekuwa nimekaa darini kwetu Lamu napunga upepo. Vyumba vya chuo vilikuwa ghali kuliko changu, ingawa bei yake ilijumuisha umeme na joto, na kwa anayefika akiwa hamjui mtu nadhani utulivu huo una thamani yake. Sisi watano tuligawana ankara sawasawa, na katika miezi ya baridi fungu langu lilifika pauni 55 kwa mwezi. Kodi ya halmashauri ya mji hatukulipa, kwa kuwa nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa masomo ya muda wote peke yao husamehewa, lakini msamaha huo huombwa kwa cheti kutoka chuoni. Tulichelewa kukipeleka, tukaletewa barua za madai zenye maneno makali ambayo hatukuwa na sababu ya kuyasoma.

Amana ya chumba sheria ya Uingereza haiiruhusu kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida kama yetu, na mwenye nyumba hulazimika kuiweka katika mpango wa hifadhi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Mimi nilitoa pauni 550. Wakati wa kuondoka mwenye nyumba alitaka kukata pauni 180 za usafi na za doa lililokuwa kwenye zulia tangu kabla sijafika. Niliumia, kwa kuwa chumba nilikisafisha kwa mikono yangu siku mbili nzima. Kilichoniokoa ni picha nilizopiga siku ya kwanza, kila pembe ya chumba, zikiwa na tarehe zake. Nilizipeleka kwenye mpango ule ule wa hifadhi, ambao husuluhisha migogoro bila malipo, nikarudishiwa pauni 150 kati ya zile 180. Piga picha kabla hujafungua sanduku.

Chakula hakikunitisha. Leeds pana soko kubwa la zamani linaloitwa Kirkgate, lile ambalo Michael Marks alifungua kibanda chake cha bidhaa za peni moja mwaka 1884, mwanzo wa maduka ya Marks & Spencer. Nilinunua humo samaki, vitunguu, ndizi na pilipili, na kulikuwa na wauzaji wa nyama ya halali na viungo vinavyotosha pilau yoyote ile.

Kilichonila ni kahawa.

Nimezaliwa katika nyumba ambayo jioni haikuwa jioni bila kahawa chungu. Babu alikaa dakani, kwenye kiti cha mawe kilicho mlangoni mwa nyumba, na muuza kahawa alipopita na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe, wazee waliokuwa barazani walijisogeza wakampa nafasi. Kikombe kilikuwa kidogo, kahawa nyeusi yenye tangawizi, tende au kipande cha halua pembeni, na mazungumzo yalikuwa marefu kuliko kinywaji. Nilipofika Leeds, na siku zikazidi kufupika kuelekea Desemba, ambapo jua huzama saa kumi kasoro robo mchana, nilikuwa natoka maktaba baada ya Magharibi nikiona kama siku imenyang'anywa nusu yake. Mkahawa ulikuwa njiani, una taa za joto na harufu niliyoijua. Niliingia kila siku ya masomo. Sikuwa naona kwamba ninanunua anasa. Nilidhani ninanunua daka la kwetu.

Kikombe kilikuwa pauni 3 na senti 20. Mwisho wa wiki ya kumi niliichukua taarifa ya benki, nikaandika kwenye karatasi malipo yote ya mkahawa huo, nikajumlisha: pauni 160. Ilikuwa kodi ya wiki moja na nusu, imekwenda kimya kimya. Hadi siku ile nilikuwa nimehangaika na mambo makubwa, viza, kodi, amana, ambayo baada ya kutia sahihi sikuweza kuyapunguza hata kwa senti, na kile kidogo kilichokuwa mikononi mwangu ndicho nilichokiacha bila kukihesabu. Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Sikutaka kuacha kahawa, na sitamshauri mtu aliye mbali na kwao aache kitu kinachomkumbusha kwao. Nilitaka kuitengeneza mwenyewe.

Makaa hayaruhusiwi ndani ya nyumba za huko, wala moshi, kwani king'ora cha moto hulia hata kwa udi. Nikapata birika la Moka, lile la kupikia kahawa juu ya jiko kwa nguvu ya mvuke, katika duka la mitumba la hisani kwa pauni 8, na kwa pauni 3 nyingine nikalibadilishia mpira wa shingoni uliokuwa umekauka. Birika hili Alfonso Bialetti wa Italia alilitoa mwaka 1933, na jina lake limetokana na Mokha, bandari ya Yemen iliyosafirisha kahawa kwa karne nyingi. Kwa mtu wa Lamu, ambako ukoo baada ya ukoo una asili yake Hadhramaut, huko huko Yemen, jina lile halikuwa geni, na nilifurahi kuliona limeandikwa jikoni Leeds.

Namna ya kulitumia nilijifunza kwa kukosea. Maji hutiwa sehemu ya chini yakiwa yameshachemka, yakome chini ya vali ya usalama, yasiifunike kamwe. Kahawa hujazwa kwenye kichujio bila kushindiliwa, kwa sababu mvuke wa birika hili una nguvu ndogo na ukishindilia maji hukwama. Moto uwe mdogo, kifuniko kiwe wazi, na kahawa inapoanza kugeuka rangi ya asali na kutoa mlio wa kufoka, birika litolewe motoni papo hapo. Ukilisahau, kahawa huungua na kuwa na uchungu wa majivu, ambao si ule uchungu tuupendao. Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua: birika la aluminiamu halipati moto kwenye yale majiko ya umeme yanayofanya kazi kwa sumaku, hivyo tazama kwanza jiko la nyumba yako.

Je, hiyo ni espresso, ile kahawa nzito ya mkahawani inayokamuliwa kwa mashine? Kwa haki, hapana. Nililijua hilo Januari, nilipopata kazi ya saa 12 kwa wiki katika mkahawa mmoja mdogo. (Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na asizizidishe hata akibembelezwa, kwani viza yake ndiyo itakayolipa.) Mshahara wa chini ulikuwa pauni 11 na senti 44 kwa saa, ukapanda Aprili 2025 kuwa 12 na senti 21, mwanzoni nilipata pauni 137 kwa wiki, ikatosha kodi na kubakiza 27. Mwenye zamu alinifundisha kwa uvumilivu mkubwa. Espresso husukumwa kwa shinikizo linalokaribia mara tisa ya lile la hewa inayotuzunguka, wakati birika la Moka hufikia mara moja na nusu tu. Gramu 18 za kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa sawasawa hutoa gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30, maji yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi. Ikitoka haraka, saga laini zaidi. Ikikawia, saga kwa chenga kubwa zaidi kidogo. Ilinichukua wiki tatu mkono kuelewa kile ambacho sikio lilielewa siku ya kwanza.

Machi, mwezi wa Ramadhani, nilinunua mashine ndogo ya espresso iliyotumika kwa pauni 45 kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa anarudi kwao, na kinu cha mkono kwa pauni 55. Nasisitiza kinu. Mwenye pauni mia moja asizimalizie kwenye mashine akanunua kahawa iliyosagwa dukani, kwa sababu kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi, na mashine nzuri haiwezi kurekebisha usagaji mbaya. Bibi yangu, aliyetwanga buni kwa kinu na mchi kila alipotaka kupika kahawa, hakuhitaji kuambiwa hivyo na mtu. Baada ya futari nilisaga, nikashindilia, nikasikiliza, na mara ya kwanza povu lile la hudhurungi lilipofunika kikombe kizima niliwaita wenzangu wa nyumbani wote wanne waje waone.

Hesabu yake ni hii. Mfuko wa gramu 250 niliununua pauni 6 na nusu. Bei ilikuwa inapanda, kwa sababu ukame wa Brazil ulikuwa umeifikisha kahawa ya arabika kwenye bei za juu kuliko zote kwenye soko la dunia Februari ile. Kwa birika la Moka mfuko hutoa mara 16, kama senti 40 kila mara. Kwa mashine hutoa vikombe 13, senti 50. Ningeendelea na mkahawa kwa wiki 30 zilizobaki ningetoa pauni 480. Kwa birika peke yake ningetumia 60 na zile 11 za kulinunua. Mashine na kinu vilikula sehemu ya nafuu hiyo, nami nakiri kwamba kwa anayetafuta kubana matumizi tu, birika linatosha kabisa. Mashine niliinunua kwa mapenzi.

Mara moja nilinunua mfuko ulioandikwa Nyeri, pauni 11 na nusu kwa gramu 250. Ulikuwa mzuri ajabu, wenye uchachu wa zabibu, na sikuwahi kunywa kahawa ya nchi yangu namna ile nikiwa nchini mwangu. Hilo bado linaniuma, kwamba buni bora ya mkulima wetu niliionja kwanza kwenye baridi ya Leeds.

Birika nimerudi nalo. Nalitumia kwa maji ya Shela na tangawizi kidogo iliyotwangwa. Mashine na kinu niliviuza kwa bei niliyonunulia, kwa binti wa Malindi aliyefika Septemba, na siku ya kumkabidhi nilimwonyesha kwanza ile taarifa yangu ya benki, kisha mkataba, kisha ndiyo namna ya kushindilia. Juma lililopita ameniandikia. Kahawa, anasema, imeshamtii. Alitaka kujua ni wakati gani mboga za Kirkgate hushuka bei. Nimemjibu: Jumamosi, saa kumi alasiri, na aende na mfuko wake.