Jaa niliyoiona Sur

Nimeiona Jaa. Usiku wa jana, ufukweni nje kidogo ya mji wa Sur, Oman, mbali na taa, niliitafuta nyota ya kaskazini kwa makusudi nikaipata, na mpaka sasa furaha haijanitoka.

Nilianzia kwenye zile nyota saba za Dubu Mkubwa. Mwezi huu wa Aprili, kwenye saa tatu na nusu usiku, huwa zimepanda juu upande wa kaskazini, zimepinduka kama upawa unaomimina mchuzi. Nyota mbili za ukingo ulio mbali na mpini ni Merak na Dubhe. Toka Merak, pita Dubhe, endelea moja kwa moja kiasi cha mara tano ya nafasi iliyo baina yao, utakutana na nyota iliyokaa peke yake. Anayetarajia nyota kali ataipita bila kuiona, kwani Jaa ni ya wastani tu; zaidi ya nyota 40 huishinda kwa mwanga.

Sifa yake ni kutulia. Nilikaa mahali pamoja nikailinganisha na ncha ya mlingoti wa jahazi lililopwelewa. Farkadani, nyota mbili za Dubu Mdogo, zilikuwa kuliani kwake. Ilipofika saa saba zilikuwa zimepanda hadi juu yake, na upawa wote umeshalalia magharibi. Jaa bado ilikuwa pale pale, nchani mwa mlingoti.

Kisha nikanyoosha mkono, nikakunja ngumi. Ngumi moja hufunika kama digrii 10 za mbingu. Kutoka upeo wa bahari hadi kwenye nyota nilipata ngumi mbili na kidogo. Urefu wa Jaa juu ya upeo hukaribia kulingana na digrii za mahali ulipo kutoka ikweta, na Sur iko digrii 22 na nusu kaskazini mwa ikweta! Nilirudia kupima, kwa mkono huu huu, na jibu likawa lile lile.

Manahodha walipima kwa vidole, au kwa kibao chenye uzi wa mafundo kiitwacho kamali. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar (Ras al-Khaimah ya leo), alieleza elimu hiyo kwa kina katika karne ya 15. Kazi yao ilikuwa ngumu kuliko yangu: enzi hizo Jaa ilikuwa mbali na ncha ya mbingu, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, kwa zaidi ya digrii tatu, nayo ikizunguka, hivyo kila kipimo kilihitaji kusahihishwa. Leo haifiki hata digrii moja. Na jahazi likishuka kusini kuelekea kwetu, Jaa ilizama baharini, wakabaki kupima kwa Farkadani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sikuwahi kuiona nyumbani. Unguja iko digrii 6 kusini, kwa hiyo Jaa iko chini ya upeo usiku wote, mwaka mzima. Baina ya Sur na kwetu ni karibu ngumi tatu za mbingu, zaidi ya kilomita 3,000, njia ile ile waliyoifuata wazee kwa upepo wa kaskazi.

Nikijaaliwa kwenda Juni, masika yakishakwisha, nitakwenda Nungwi mara giza likiingia. Upawa utakuwa chini upande wa kaskazini, na Merak na Dubhe zitaelekeza baharini. Nitapima ngumi kutoka Dubhe kushuka, nione ni wapi zinaishia majini.