Mia tano za shangazi

Jana usiku MC wa harusi ya mdogo wangu katutupia fomu kwenye grupu la kamati. Fomu kabisa, ya kujaza. Wimbo wa kuingia maharusi, wimbo wa kuingia wazazi, wimbo wa keki, wimbo wa kwenda kuchukua chakula (sikujua kama siku hizi na pilau inaendewa na wimbo), halafu mstari wa chini kabisa, kwa herufi kubwa, NYIMBO ZISIZOTAKIWA. Na wadogo zangu hawana dogo, walikuwa washajaza: "taarab ndefu".

Nikazima simu nikalala. Usingizi wenyewe sikuupata, nikawa nazihesabu mia tano za shangazi.



Harusi yangu ilikuwa 2009, Desemba, Tanga. Baba alitaka kama alivyowafanyia dada zangu wote, turubai linafungwa barabarani hapo Ngamiani, majirani wanaleta majamvi na viti, kikundi cha taarab kinakuja na udi wao na fidla na kinanda, watu wanakesha. Sasa kikundi kilitaka laki nane, na usafiri juu, na chakula cha watu kumi na nne na soda zao. DJ laki mbili na nusu, spika zake, kijana wake wa kubeba. Na mi nimetoka Dar nimeshaona harusi za wenzangu ukumbini zilivyo, sa ntakaaje barabarani bana. Mi ndo nilosema DJ. Wala nisimsingizie mume wangu. Ile hela iliyobaki ikaenda kwenye mapambo, vitambaa vya viti na mipinde ya zambarau nyuma yake, leo nikiziangalia picha kila kiti kama kimefungwa bandeji.

Shangazi alipoambiwa aliuliza kitu kimoja tu. "Sasa tutamtuza nani?"

Nikacheka. Nikamwambia shangazi wimbo wako utapigwa, ule ule, tena mwimbaji mwenyewe hasa kuliko hawa wa kikundi wanaomwigiza. Hakunijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Nyie mliokulia kwenye haya mambo mnajua. Shangazi ni mtu wa Black Star, kile kikundi cha taarab cha Tanga, dada yake mkubwa alikuwa wa Lucky Star, wapinzani wao, na kuna mwaka hawakupeana hata chumvi kwa ajili hiyo, na Shakila, yule mwimbaji wa taarab, kamwona kwa macho yake akiimba sio wa redioni. Kwake yeye taarab sio kitu cha kusikiliza, ni kitu cha kuendea. Unakaa unasubiri beti lako. Likifika unainuka, unakwenda mwendo wako wa taratibu na noti juu mkononi, na ile njia unayopita ndo barua yenyewe, unapita meza ya nani, unapunguza mwendo wapi. Mwimbaji akikuona umeinuka anajua, analirudia beti, wa fidla naye anavuta, hata uchukue dakika tano kufika watakungoja. Ukifika unamwekea moja moja, huku unamwangalia unayemkusudia bila kumwangalia.

Na aliyekusudiwa alikuwepo. Bi mdogo, mke mwenzie, meza ya tatu karibu na njia, nani aliyempanga pale mpaka leo kamati inakataa.

Siku mbili kabla, shangazi alikwenda benki kubadilisha elfu kumi apewe mia tano mpya. Zile za kijani zenye nyati. Ishirini, zimenyooka kiasi ukizipepea zinalia. Wimbo siutaji, manake ukipigwa mtaani kwetu kuna watu wanafunga madirisha.

Basi. Ukumbini, wanawake watupu, bwana harusi, DJ na mpiga video ndo wanaume peke yao. Mi nipo jukwaani na mpambaji kashanionya nisigeuze shingo shela litahama, kwa hiyo mengi niliyaona kwa pembe ya jicho. Wimbo ukaanza. Yaani haukuanza, uliingia, DJ aliruka mapigo yote ya mwanzo akatutumbukiza kwenye kiitikio, na shangazi alikuwa kategemea yale mapigo ya mwanzo avae viatu. Akainuka peku. Sare ya mashangazi ilikuwa ya rangi ya maziwa, ndefu, kaishika kwa mkono wa kushoto isiburute kwenye vigae, wa kulia uko juu na zile noti kazitandaza kama kipepeo cha ukili. Hakukimbia. Wimbo unakimbia yeye hakimbii. Meza ya kwanza akaipita, ya pili akapunguza mwendo, vigelegele vikaanza kule nyuma kwa wanaojua, na bi mdogo nilimwona kaweka chini glasi.

"Haya haya haya, tunakwenda na muda jamani! Keki! Keki! Keki!" MC huyo.

Wimbo wa shangazi ukakatwa pale pale katikati ya neno. Ukaingia wimbo wa keki na mdundo wake, watu wote wakageukia upande wetu, simu juu, na mkono wa shangazi ukabaki hewani. Hatua kama nne hivi kutoka kwa bi mdogo. Akaitazama spika ya kulia, halafu ya kushoto, kama mtu aliyeitwa jina lake akageuka hamna mtu. Mi kisu kiko mkononi, mume wangu kanishika kiganja, mpambaji ananinong'oneza tabasamu, tabasamu. Nikatabasamu.

Shangazi hakurudi kukaa. Alikwenda mpaka kwa DJ, kijana mwenye kofia na hedifoni sikio moja, akaanza kumwekea noti juu ya laptop. Moja. Ya pili. Ya tatu. Kijana akanyanyua macho, "Mama unataka ipi?" Haya alinihadithia mwenyewe baadae, kijana, wakati anadai salio lake. Akajibiwa, ile ile. "Hiyo tushaipiga mama." Shangazi anaendelea tu kuweka, na sijui ya ngapi hiyo kidole kikabonyeza kitu, wimbo wa keki ukazimika.

Kimya. Sekunde mbili tatu, ukumbi mzima, nasikia kisu kinavyokwaruza ule ubao wa chini ya keki. Na kwenye kimya hicho bi mdogo akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, kimepanda kikashuka chenyewe.

Halafu mziki ukarudi, tukalishana keki, wazazi, zawadi, msosi, saa sita kamili taa zikawashwa mwenye ukumbi anataka ukumbi wake.

Kile kigelegele sijui kilikuwa nini mpaka leo. Mama anasema alimcheka. Dada yangu mkubwa anaapa kwamba alimtunzia heshima, kwamba mtu kaachwa uchi katikati ya watu mwenzie akamfunika kwa alichonacho. Nikasema nitaangalia kwenye DVD. DVD ilipokuja, mpiga video kafuta sauti yote kaweka nyimbo zake anazozipenda mwanzo mwisho, na kamera muda ule iko kwenye keki, ukisimamisha picha pale pale unaona kwenye kona kipande cha mkono na kijani kidogo.

Asubuhi yake tunafungua zawadi tukakuta mia tano ishirini mpya kwenye boksi, kijana kampa MC, MC katia boksini. Dada akaandika kwenye daftari: 10,000, hana jina. Nilijua za nani. Tulizitumia njiani kurudi Dar, Muheza, machungwa.

Sa nataka niseme DJ wameharibu harusi zetu halafu namkumbuka babu, ambaye mpaka anakufa alikuwa akisema walioharibu taarab ni hao hao Black Star wa shangazi na magitaa yao. Na miaka ya tisini rusha roho, taarab ya kisasa, ilipoingia na vinanda vya umeme, watu wakaacha kukaa vitini wakawa wanacheza ukumbini kama disko, shangazi huyo huyo alisema kiama kimekaribia, baada ya mwaka alikuwa anazicheza. Kwa hiyo sijui nilie kuanzia wapi. Na hao wa kikundi nao sio malaika, harusi ya dada walikuja saa tano usiku.

Siku hizi MC anaweka lipa namba kwenye skrini ya ukumbi, kubwa, wenye kutuza watuze. Mia tano yenyewe tangu 2014 ni sarafu, jaribu kumtuza mtu sarafu uone.

Leo asubuhi nilimpigia shangazi, macho ndo yameanza kumsumbua ila ulimi uko pale pale, nikamuuliza kwenye harusi ya huyu mdogo wangu apigiwe nini. Akauliza kwanza kama bi mdogo kaalikwa. Nikamwambia ndio. Akakaa kimya muda, akasema "ule ule", akakata simu.

Nikaingia kwenye fomu, nikafuta yale maneno ya wadogo zangu, nikaandika jina la wimbo kwenye kisehemu cha mengineyo. MC kajibu mchana kwa sauti, kijana mstaarabu wala sio mbaya: "Dada nimeupata, ila una dakika kumi na mbili. Tukate wapi?"

Saa hii ni saa tatu usiku. Bado sijamjibu.