Mstari kwenye Kisahani

Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya biolojia nilipobomoa kichuguu kwa mara ya kwanza. Mchwa askari waliniuma vidole hadi damu ikatoka, lakini nilipolifikia sega la kuvu, bustani ambamo mchwa hulima kuvu la kula, nilisahau maumivu. Lilikuwa la kahawia, limejikunjakunja kama ubongo, na juu yake vinundu vyeupe vya ukubwa wa punje za ulezi.

Nilichukua vinundu kutoka vichuguu viwili, nikavipanda viwiliviwili kwenye visahani vya maabara. Kuvu la ukoo mmoja halichangamani na la ukoo mwingine; huwekeana mstari. Nilitarajia vita vya namna hiyo hata kati ya vinundu vya kichuguu kimoja. Hesabu yangu ilikuwa hii: kwa spishi nyingi za mchwa hawa, kumbikumbi waanzilishi hawabebi kuvu. Wafanyakazi wa kwanza ndio wanaookota huko nje spora, yaani chembe za uzazi, za uyoga unaozaliwa na kuvu hilo, na spora hizo ni za koo nyingi.

Baada ya majuma kadhaa, vinundu vya kichuguu kimoja vilikuwa vimeungana, nyuzi kwa nyuzi, bila mpaka wowote. Vya vichuguu tofauti vilikuwa vimewekeana mstari. Nilirudia kazi yote nikiamini nimekosea mahali. Majibu hayakubadilika.

Mwalimu wangu alinieleza kazi ambayo mwanabiolojia Duur Aanen na wenzake waliichapisha mwaka 2009. Mchwa hula vinundu. Spora zake hupita tumboni zikiwa hai na kupandwa pamoja na kinyesi, ambacho ndicho sega jipya. Spora za ukoo mmoja zikiota jirani, nyuzi zao huungana, na mtandao mkubwa huzaa vinundu vingi zaidi. Ukoo wenye spora chache huzungukwa na wageni usioweza kuungana nao, basi mavuno yake hupungua mzunguko hadi mzunguko, mpaka unatoweka. Na mimi siku zote nilidhani mchwa wanachagua mbegu kama mkulima!

Usiku ule sikulala. Kilichonishika ni kwamba uteuzi wa asili ulikuwa unafanya kazi kwenye ngazi kadhaa kwa wakati mmoja. Ndani ya nyuzi kuna viini vingi vya seli, vinavyobeba urithi, na kiini kimoja kingeweza kula jasho la wenzake, kikazalisha spora zake tu bila kuchangia mtandao. Penye ukoo mmoja, tapeli wa aina hiyo hukosa mgeni wa kumnyonya. Halafu juu ya hapo kuna mchwa na kuvu lenyewe: mchwa wanataka vinundu, kuvu linataka kutoa uyoga ili spora zake zisambae.

Mvua ziliponyesha nilirudi. Mchwa walikuwa wameshaziba shimo langu, na pembeni uyoga ulikuwa umechomoza. Nilichimba taratibu kufuata mzizi wake mrefu hadi kwenye sega, nikakata kipande cha kofia yake na kukipanda kando ya kuvu nililokuwa nimelitunza tangu mwanzo.

Nililichungulia kila asubuhi. Nyuzi zilikutana, zikaungana. Mstari haukutokea.