Mafuta ya zeituni badala ya samli: yanapokubali na yanapogoma

Kabla ya kumimina mafuta ya zeituni kwenye sufuria, jiulize samli ile ilikuwa na kazi gani. Katika mapishi ya Lamu samli hukaangia, hulainisha unga, hutenga matabaka ya chapati, na hunukiza. Kazi mbili za kwanza mafuta ya zeituni huziweza bila taabu. Ya tatu yataka ujanja. Ya nne hayaiwezi, na ni heri kulikubali hilo mapema.

Tuanze na vipimo. Samli ni mafuta karibu matupu, kwa hiyo gramu 100 za samli ni sawa na mililita 110 hivi za mafuta ya zeituni. Siagi siyo hivyo: asilimia 80 ndiyo mafuta, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Hapo ndipo keki nyingi huharibika. Mtu hubadilisha kikombe kwa kikombe, keki ikatoka nzito na kuacha mafuta vidoleni. Badala ya kikombe kimoja cha siagi, tia robo tatu tu. Keki ya siagi gramu 250 yataka mililita 200 za mafuta na vijiko vikubwa 3 vya maziwa kufidia yale maji. Na usianze kwa kupiga sukari na mafuta, kwani mafuta yaliyo maji hayashiki hewa kama siagi. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito, kisha mimina mafuta kidogo kidogo huku ukipiga. Iliki na ganda la chungwa lililokwaruzwa hupatana nayo sana. Mkate wa mayai haumo katika hesabu hii, hauna mafuta ndani; paka chombo tu.

Chapati ndiyo inayosumbua. Ndani ya unga hakuna neno: nusu kilo kwa vijiko vikubwa 2. Shida huja wakati wa kukunja, kwa sababu mafuta hukimbilia pembeni, matabaka yakagandana, na chapati ikaiva kama ubao. Changanya vijiko vikubwa 3 vya mafuta na kimoja na nusu cha unga mpaka upate uji mzito, upake huo, ukunje, kisha uache madonge yapumzike nusu saa. Tawa iwe ya moto wa wastani. Mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza (extra virgin) huanza kutoa moshi kwenye nyuzi za Selsiasi 190 hadi 210 hivi, na seredani iliyojaa makaa hufika huko upesi. Ukiona moshi, yameungua, na uchungu wake hautoki.

Pilau ni rahisi zaidi. Kilo ya mchele uliokuwa ukiitilia gramu 100 za samli, tia mililita 110, vitunguu viwe hudhurungi polepole kwa robo saa, usiharakishe. Ukipalia makaa juu ya kifuniko, nyunyiza kijiko kimoja cha samli juu ya wali. Kijiko hicho ndicho kitakachonukia mezani, na hakuna atakayeuliza mengine yalikwenda wapi.

Nankhatai, vile vibiskuti vya samli, iache na samli yake. Samli ikiwa imeganda ndiyo inayoshika umbo. Ukitia mafuta tupu, vitatandaa kwenye sinia vikagusana. Ukishikilia sana, robo moja tu ya samli iwe zeituni, na unga ulioviringwa ukae kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka. Halua usiiguse kabisa.

Wali wa nazi hauhitaji nyongeza, tui lina mafuta yake. Kaimati na mahamri kaangia mafuta ya kawaida. Kujaza karai kwa mafuta ya bei ile ni kuyatupa, na ladha yake haisikiki tena baada ya kuchemka muda mrefu.

Wanaobadilisha kwa ajili ya afya wajue kwamba wanapunguza mafuta mazito, si uzito wa chakula: kijiko kikubwa bado kina kalori karibu 120.

Chupa iwe nyeusi au ya bati, ndani ya kabati, mbali na jiko. Joto la pwani huyachachisha haraka, nayo yakaanza kunuka kama karanga kuukuu. Yakiganda kwenye friji hayajaharibika. Yatoe, yatayeyuka yenyewe. Nunua chupa ndogo.