Sabuni ya karafuu na pipa la kuazima

Sabuni yetu ya mwani na karafuu ilianzia kwenye sufuria ya nyumbani: mafuta kilo 4, maji ya mwani, kostiki soda iliyopimwa kwa mizani, vipande 60. Tuliirudia mara tisa, na mara zote ilitoka laini, inanukia mpaka barazani. Kisha hoteli moja upande huu wa Paje ikaagiza vipande 1,200. Tulifurahi mno. Tukaazima pipa, tukazidisha kila kipimo kwa kumi.

Aliyewahi kutia mafuta ya karafuu kwenye sabuni ameshajua kilichofuata. Karafuu huiharakisha sabuni kushika, yaani kuganda. Kwenye sufuria hatukuliona hilo, maana kumimina kulichukua dakika mbili tu. Pipa lilitaka dakika ishirini. Mama mdogo alikuwa akijaza kalibu ya tatu ya kugandishia sabuni aliponiita: "Mwanangu, hii haimwagiki tena." Nikachomeka mwiko, ukasimama peke yake. Tukavaa glavu, tukaanza kuchota mabonge ya moto na kuyashindilia kwenye kalibu kama udongo wa kukandika nyumba. Tulipokuja kukata, ndani mna matundu na vidimbwi vya mafuta. Kilo 40 za mafuta ya nazi, na nazi zile zimekunwa na wanawake wa shehia yetu. Kazi yao iliniuma kuliko pesa.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeshasoma habari za Taiichi Ohno, yule mhandisi wa Toyota, nikidhani ni mambo ya magari. Wajapani nao wana neno *muda*, ila kwao ni upotevu. Ohno aliutaja wa aina saba: kungoja, kubebabeba, bidhaa mbovu na kadhalika, na alioulaumu kuliko wote ni kuzalisha kupita mahitaji, kwa sababu huzaa mingine. Sisi, katika vile vipande 1,200, hoteli ilitaka 300 tu kila wiki mbili. Nani alituambia tupike 600 kwa mkupuo?

Tukarudi kwenye sufuria. Kilo 4, mara 20. Karafuu inatiwa mwisho kabisa, kalibu ikiwa tayari pembeni, mmoja anakoroga na mwingine ameshika ubao wa kusawazishia. Kalibu ni tano tu, na hakuna kuchanganya mpaka kalibu tupu irudi mezani. Ohno alivutiwa na maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri mteja alivyochukua. Kwetu, kalibu tupu ndiyo mteja.

Jambo la pili ni kusimamisha kazi. Mama mdogo, ambaye mkono wake unaujua uzito wa sabuni kuliko wangu, ana ruhusa ya kusema "basi" bila kuniuliza. Kwenye sufuria ya saba akasema. Sabuni ilikuwa inashika upesi mno. Tukatafuta chanzo: dumu la mafuta lilikuwa limeachwa juani tangu asubuhi, na mafuta ya moto nayo huharakisha. Dumu likahamia kivulini, chini ya mkungu. Tulipoteza vipande 60. Kwa pipa vingekuwa 600, na tusingejua sababu ni karafuu, ni joto, au ni mwani.

Wengi hunishauri ninunue mashine ya kuchanganyia. Siikatai. Lakini mashine kubwa siku ile ingetuharibia mafuta mengi zaidi, kwa kasi zaidi. Kwanza niijue bidhaa yenyewe inavyobadilika ikikua, ndipo niitafutie chombo.

Kitu kimoja sijakipunguza wala sitakipunguza: wiki sita za rafuni. Anayepita huona vipande vimelala tu, huku pesa zetu zimefungwa humo. Lakini sabuni inakauka, inakuwa ngumu, inapungua ukali kwa ngozi. Kila ubao wa rafu tumeuandika tarehe kwa chaki. Wa kwanza wa zile sufuria 20 unashuka Alhamisi, na hoteli imeshatuma mtu aje na boksi zake.