Jinsi nilivyoijua Caprice ya polisi iliyofichwa chini ya rangi mpya

Tanga nilikokulia, gari la polisi lilikuwa difenda, na siku ya msako likaja karandinga. Chevrolet Caprice niliiona mara ya kwanza kwenye televisheni ya jirani, pana kama mashua, ikikata kona huku nyuma imelala. Nilipohamia Texas nikaambiwa kuwa zile za mwisho ziliundwa hapa hapa, kiwanda cha General Motors cha Arlington, mpaka Desemba 1996. Kuanzia siku hiyo nikawa natafuta moja iliyowahi kufanya kazi ya polisi kweli.

Niliyoipata ilikuwa ya 1995, nyeusi na nyeupe, ina taa juu ya paa na nyota mlangoni. Muuzaji alisema ilikuwa ya doria ya barabara kuu ya jimbo jingine, na bei yake ilikuwa ya gari lenye historia hiyo. Nikaenda na shemeji yangu, ambaye ni fundi. Mimi nimesimama natazama zile taa, yeye ameshaenda nyuma.

"Shemeji, achana na taa. Taa zinauzwa. Njoo kwenye buti."

Chini ya mfuniko wa buti kuna lebo ya karatasi iliyojaa misimbo ya herufi na tarakimu tatu tatu, kila msimbo ukitaja kitu ambacho gari lilitoka nacho kiwandani. Unaoutafuta ni 9C1, kifurushi cha polisi. Ukikuta 9C6, hiyo ilikuwa teksi, hata ikipakwa rangi gani. Yetu ilikuwa na 9C1. Nilitaka kushangilia, shemeji akanizuia, maana lebo inaweza kuchapishwa upya au kuhamishwa kutoka gari bovu. Tukalinganisha namba ya chasisi iliyo kwenye lebo na ile ya kwenye dashibodi, herufi kwa herufi. Zikalingana. Herufi ya nane ilikuwa P, yaani injini ya LT1 ya lita 5.7 yenye nguvu farasi 260. Ingekuwa W, ni ile ndogo ya lita 4.3. Ya kumi S, mwaka wa modeli 1995. Ya kumi na moja R, Arlington.

Halafu akaingia chini ya gari na tochi kuhakikisha kwamba lebo haisemi uongo. Msimbo wa KC4 unamaanisha kipoza oili cha injini, kwa hiyo mabomba yake lazima yaonekane. Yalikuwepo, na yalikuwa na kutu sawasawa na vyuma vya jirani. Hilo la kutu ndilo lililonituliza moyo kuliko lebo yenyewe. Kitu kilichofungwa juzi hakizeeki pamoja na wenzake.

Basi gari lilikuwa la polisi, halisi. Lakini kuwa halisi ni jambo moja, na kubaki katika asili yake ni jingine, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Zile taa za juu zilikuwa za LED. Mwaka 1995 askari walikuwa na taa za kuzunguka zenye balbu za halojeni, au za kumweka. Nikafungua mlango: rangi nyeusi imeishia kwenye ukingo, ndani kwenye bawaba ni nyeupe tupu. Milango na paa ndivyo vilivyobaki na rangi yake ya zamani. Hili gari lilitoka kiwandani jeupe lote, likapigwa weusi na mtu aliyetaka lifanane na picha iliyokuwa kichwani mwake.

Tukasubiri jua lizame. Ukibandika herufi kwenye bati miaka mitano, rangi iliyo chini yake haichomwi na jua kama ile ya pembeni. Ukizibandua, kivuli chake kinabaki, mchana hukioni. Nilishika tochi karibu kabisa na mlango, mwanga ukatambaa kwa ubavu, na pembeni ya ile nyota mpya yakatokea maneno: jina la mji mdogo, mwendo wa saa mbili tu kutoka pale tulipokuwa. Juu ya paa kulikuwa na namba kubwa, ya kusomwa na helikopta. Nikainua mpira wa sakafu ya buti, na kwenye bati nikakuta namba ile ile imeandikwa kwa kalamu nene. Mikono ilinitetemeka.

Baada ya hapo kila alama ilikuwa inazungumza. Kulikuwa na matundu ya bolti kwenye nguzo za kati, palipofungwa wavu wa kumtenga mtuhumiwa. Kiti cha dereva kimelika ubavu wa kulia, panaposugua bastola ya kiunoni. Katikati ya mfuniko wa buti kulikuwa na tundu la antena ya redio, limezibwa kwa kizibo cha mpira.

Muuzaji nilimwonyesha vyote. Nadhani na yeye alikuwa ameuziwa hadithi ile ile, kwa sababu alikaa kimya muda mrefu akitazama maneno ya mlangoni. Bei ikashuka. Sheria ya taarifa za umma ya Texas inamruhusu mtu yeyote kuomba kumbukumbu, nikauandikia ule mji nikitaja namba ya chasisi. Walinitumia ukurasa mmoja wa orodha ya magari yao, wenye namba ya paa, na tarehe ya kuuzwa kwenye mnada.

Weusi tumeutoa kidogo kidogo, shemeji na mimi, wikendi kwa wikendi. Zile LED nimeziuza. Taa za zamani zinazofaa nimezipata, ila nikiwa barabarani sizifungi. Natembea na paa tupu. Herufi za mlangoni sijarudishia. Jioni nikirudi kazini, taa ya baraza inaupiga ule mlango kwa ubavu, na jina la mji linasomeka.