Hita ya gari inapuliza baridi, kumbe ni hewa tu

Wiki nzima hapa Minneapolis naendesha na glovu na kofia, nje hasi 18, hita nimefungua mpaka mwisho na inapuliza upepo kama wa friji. Fundi akasema dashibodi yote ing'olewe, nikasikia bei nikacheka nikaondoka.

Geji ya joto ilikuwa inapanda kawaida mpaka katikati, kwa hiyo thamostati (vali inayodhibiti joto la injini) nikaachana nayo. Injini ikiwa ya moto nikashika ile mipira miwili ya maji inayoingia kwenye hita, mmoja unaunguza, mwingine baridi kabisa, yaani maji ya moto hayapiti. Kesho yake asubuhi injini imepoa (ikiwa ya moto usifungue, itakuunguza uso) nikatoa kifuniko cha rejeta, kulanti (kimiminika cha kupoozea injini) hata siioni, klipu moja ya mpira imelegea inavuja mdogomdogo. Nikaikaza, nikapaki pua ikiangalia juu kwenye kamlima, nikajaza kulanti nusu kwa nusu na maji, nikawasha gari kifuniko kikiwa wazi na hita kwenye moto, mapovu ya ile hewa iliyokuwa imeziba njia ya maji ya moto yakawa yanatoka kama uji unaochemka na mimi naongeza tu. Kama dakika 20 hivi joto likanipiga usoni, kofia nikavua.